Tulimtolea Mungu Mguu wa Skolastika

Tulimzika Mama Apolinari Alhamisi, na tangu saa tatu asubuhi hadi saa nane mchana sikusikia neno juu yake ambalo halikuwa limepakwa asali. Vijana walivaa fulana zenye picha yake, ile aliyopigwa ameshika rozari na macho ameyainua kama anayesoma kitu darini. Mwenyekiti wa jumuiya alisema marehemu alikuwa shule ya mateso. Binti mmoja wa kwaya, ambaye mwaka ninaotaka kuusimulia hata mama yake alikuwa hajaolewa, alisimama akalia, akaeleza jinsi marehemu alivyomuuguza wifi yake mwenye kidonda kwa mikono yake mwenyewe, miezi na miezi, bila kuziba pua. Nilikuwa nimekaa safu ya tatu kwenye kiti cha plastiki, upepo wa Sumbawanga ukipiga turubai, nikahisi kitu kinapanda kutoka tumboni kuja kooni. Haikuwa huzuni. Nina miaka sitini na mbili, huzuni naijua ikija. Kilikuwa kinyaa, kinyaa cha kawaida kabisa, kama cha mtu aliyekuta unywele kwenye mchuzi na wenyeji wote wanamtazama aendelee kula.

Apolinari, mwanawe wa kwanza, siku hizi mtu mzima mwenye kitambi na kazi ya serikali Dodoma, alikuja akaniinamia sikioni. Alisema mimi ndiye niliyeishi na mama yake wakati ule, mimi ndiye shahidi, basi nisimame niseme maneno mawili tu. Nikamwambia koo linaniuma. Ulikuwa uongo, na nimeshautubu. Lakini maneno mawili hayo hayakukubali kurudi yalikotoka. Nayaandika hapa, na siyaandiki ili nimvue marehemu nguo. Ameshasimama mbele ya Anayemjua. Ninayetaka kumvua nguo ni msichana wa miaka kumi na tisa aliyeitwa Editha, aliyefika mjini mwezi wa kwanza, mvua zikiwa zimeshika, akitokea Msanzi na begi moja na barua ya katekista.

Nilikuja kujifunza ushonaji. Mama Apolinari alikuwa mjane, mwembamba, msafi kama sahani iliyooshwa sasa hivi, na alishona sare za shule na mavazi ya kanisani: kanzu za watumishi wa altare, vitambaa vya altare, stola za kuvaa mapadre shingoni, zenye misalaba ya nyuzi za dhahabu. Nyumba yake ya matofali ya kuchoma ilikuwa na vyumba vinne vilivyopangwa mstari. Mbele kabisa palikuwa sebule, na humo ndimo ilimokaa cherehani yake chini ya picha ya Moyo Mtakatifu. Kisha chumba chake. Kisha chumba changu, nilicholala pamoja na majora ya vitambaa. Na mwisho kabisa chumba chenye pazia la maua badala ya mlango. Sakafu ya sebule aliipiga dawa kila Jumamosi mpaka ukaona taa yake ndani ya sakafu. Hata hivyo siku ya kwanza, nilipokuwa nakunywa uji, nilisikia harufu. Nilidhani kuna panya aliyekufia chini ya kabati. Mama Apolinari aliniona nikivuta pumzi, akasema kwa upole kwamba ni migebuka mikavu, ameletewa kutoka Kabwe, ipo jikoni. Migebuka ilikuwepo kweli. Lakini samaki hanuki vile.

Jioni alinipeleka nyuma ya pazia. Juu ya kitanda cha kamba alikaa mama mkubwa wa mwili, mwenye mabega ya mtu aliyelima maisha yake yote, mguu wa kushoto umenyooshwa juu ya gunia lililokunjwa. Huyo alikuwa Skolastika, dada wa marehemu mume wake, ambaye watoto wa nyumba ile walimwita shangazi Skola, nami nikamwita hivyo hivyo. Kwao kulikuwa Kate. Hakuwahi kuolewa, alilima ulezi, akapika pombe, akajulikana vijiji vitatu kwa kicheko chake. Alikuwa amekuja mjini kutibiwa kidonda kwenye kidole cha mguu kilichokataa kupona. Akapelekwa hospitali mara mbili. Baada ya hapo wifi yake akaenda kwenye mafungo ya siku nne, akarudi na mafundisho mapya, na safari za hospitali zikakoma.

Mama Apolinari alisimama mlangoni, leso yenye maji ya limau ameiweka puani, akanielekeza. Beseni lile pale, maji ya chumvi yale pale, vitambaa ni vile mabaki meupe ya altare. Fungua taratibu. Nilifungua. Kitambaa kilikuwa kimegandamana na nyama, na kilipoachia kilitoka na kitu cha rangi ya maziwa yaliyochacha, na harufu ikanipiga usoni kama ngumi. Nilitapika ndani ya lile lile beseni. Shangazi Skola akacheka. Mama Apolinari hakucheka. Alisema, "Usiteme mate, Editha. Huyo ni Yesu." Shangazi Skola akajibu, bila hasira yoyote, kwamba yeye si Yesu, yeye ni Skola wa Kate, na kama kuna mwenye kisu kizuri ampatie akikate kidole hicho.

Nataka niwe mkweli kuhusu mafundisho yenyewe, maana yalikuwa mazuri na mpaka leo baadhi yake ninayashika. Mama Apolinari aliniambia kwamba kila siku ina misalaba yake midogo, imetawanyika kama kuni njiani, na mwenye akili huiokota. Ugali ukiungua, kula bila kusema, umtolee Mungu. Sindano ikikuchoma, usilaani, mtolee Mungu. Maji ya kuoga yakiwa baridi mwezi wa sita, na wanaoijua Ufipa wanajua maji ya mwezi wa sita, yamwage mwilini polepole na umtaje mtu unayemwombea. Mtu akikusema vibaya, nyamaza mpaka umalize Salamu Maria tatu, ndipo ujibu kama jibu bado lipo. Nilikuwa msichana mwenye ulimi mkali, na katika wiki chache ulimi wangu ulitulia. Nilishona mapindo kwa makini kwa sababu mapindo pia ni sala. Hakuna aliyenidanganya hapo. Ubaya uliingia polepole kupitia mlango mwingine, nao ulikuwa huu: mtu akizoea kumtolea Mungu maumivu yake, siku moja anaanza kumtolea maumivu ya jirani.

Nililiona kwanza mezani. Tulikula sebuleni sisi wawili, maana watoto walikuwa shule za bweni, mikono imeoshwa, sala ndefu, kisha ugali wa ulezi na maharage, au migebuka iliyochemshwa na nyanya. Sahani ya shangazi Skola niliipeleka nyuma. Kwaresima ilipoanza, Mama Apolinari alipunguza chakula chake mwenyewe nusu, nami nikapunguza changu. Kisha akachukua sahani ya nyuma, akatoa samaki, akaacha ugali na mchuzi. Nilimwuliza kama shangazi ameomba kufunga. Akasema mgonjwa hawezi kuomba kila kitu, sisi wenye afya tunamsaidia kuchagua kilicho bora. Samaki aliyetolewa alirudishwa sufuriani, na kesho yake akaliwa na mama mmoja wa jumuiya aliyekuja kupima gauni. Nilipopeleka sahani, shangazi Skola alikoroga mchuzi kwa kidole akitafuta, kisha akaniuliza samaki wamekwenda wapi. Nikamwambia ni Kwaresima. Akaniambia kwamba humo tumboni mwake haijatangazwa.

Na Jumatano ilikuwa siku ya jumuiya. Akina mama kumi, kumi na wawili, walijaa sebuleni, viatu vimepangwa mlangoni, mtoto mgongoni, kitabu cha nyimbo mapajani. Somo likasomwa, wakashirikishana Neno. Kila mmoja alikuwa na lake, mume mlevi, mahindi yaliyoliwa na nyani, lakini kila mara maneno yaliishia nyuma ya pazia. Walikuwa wamempa jina, Nguzo Yetu. Walimletea nia zao. Mmoja anataka mtoto, mwingine mwanawe anafanya mtihani, basi Nguzo Yetu avumilie kwa nia hiyo. Waliingia wawili wawili, wakapiga magoti kwenye ncha ya pazia, mahali ambapo harufu ilikuwa bado inavumilika, wakanong'ona, wakatoka wakijifuta macho. Nilizoea kuwasikia wakiwa jikoni baadaye, wakinywa chai. Nakumbuka mmoja akisema, huku anatafuna kipande cha muhogo, kwamba nyumba yenye mateso kama haya ina baraka, angetamani na kwake kuwe na mtu. Mwenzake akasema si kila nyumba hupewa. Walisema hivyo kwa wivu, kama wanaosema habari za ng'ombe wa maziwa.

Siku moja mmoja wao aliniuliza nani anaosha kidonda. Kabla sijajibu, Mama Apolinari alisema, "Tunaosha." Baadaye, pengine kwa haki, akawaambia kwamba Editha anamsaidia sana. Wakanigeukia wote. Mama mkubwa kuliko wote akanishika mikono yangu hii, akaigeuza viganja juu, akavibusu. Naliandika hili nikiwa najua ninachoandika: ulikuwa utamu ambao sijawahi kuuonja tena. Wiki ile ile paroko, ambaye alikuwa ameambiwa kidogo tu na kwa njia hiyo hana kosa, alitaja kwenye mahubiri habari za msichana mmoja wa parokia anayeishi Injili kwa beseni na kitambaa. Hakunitaja jina. Kanisa zima liliniangalia. Masista wakaanza kuniuliza kama nimewahi kufikiria wito.

Tangu hapo niliacha kutapika. Nilianza kusema na nafsi yangu nikiwa nafungua vitambaa, kwa sauti ya hadithi, kana kwamba kuna mtu ananiandika: akainama, akaosha, wala hakugeuza uso. Ilifika mahali nikawa nasogeza pua karibu kuliko ilivyohitajika. Nikitoka mle ndani na harufu nguoni, nikapita katikati ya akina mama, wakasogea kunipisha, nilijisikia nimevaa stola. Naona aibu kwa hili kuliko ninavyoona aibu kwa dhambi nyingine nilizofanya nikiwa mkubwa, na nilizifanya. Maana zile zilikuwa za mwili wangu mwenyewe. Hii niliilisha kwa mwili wa mtu mwingine, siku baada ya siku, na mtu huyo alikuwa anaoza mbele yangu, kidole cha kwanza, kisha cha pili, kisha weusi ukaanza kupanda juu ya unyayo.

Ilikuwa wiki mbili kabla ya Pasaka. Mchana, mvua inapiga bati kiasi kwamba cherehani ya mbele haikusikika. Nilikuwa nimemaliza kufunga kitambaa kipya. Shangazi Skola, ambaye siku zote aliongea kwa utani, alinishika kifundo cha mkono, akanivuta mpaka nikakaa kando ya kitanda. Hakutania. Alianza kwa Kifipa, akaniambia maumivu yamebadilika, kwamba zamani yaliuma na sasa mguu umekufa ganzi na hilo linamtisha zaidi. Kisha akanisemesha kwa Kiswahili, taratibu, ili nisije nikasema sikuelewa.

"Editha, mwanangu, nipeleke hospitali. Wifi hatanipeleka. Wewe una miguu, nenda katafute gari."

Ningeweza kusema naogopa, na ingekuwa kweli nusu. Ningeweza kusema nitajaribu. Nilimshika ule mkono ulionishika, nikaulaza kifuani pake, nikainamisha kichwa upande kama nilivyomwona Mama Apolinari akifanya, nikamwambia, "Vumilia, shangazi. Mtolee Bwana."

Nilitegemea atanitukana, alikuwa na matusi ya kutosha. Alisema tu, "Na wewe pia," akaugeukia ukuta. Hakunisemesha tena kwa wiki nyingi. Nami, Mungu anisamehe, niliuchukua ukimya wake kama msalaba mdogo, nikamtolea Mungu.

Pasaka ikapita. Mvua zikakatika, mahindi yakakauka mashambani, upepo wa kiangazi ukaanza kupuliza vumbi jekundu chini ya milango. Harufu ilipita pazia, ikapita chumba changu, ikafika sebuleni, ikakaa na wageni. Mama Apolinari alichoma ubani. Wateja wa sare wakaanza kupimwa nje. Asubuhi moja ya mwezi wa sita nilifungua kitambaa nikaona kidonda kinatembea. Walikuwa funza. Niliwatoa mmoja mmoja kwa kijiti, nikiwahesabu ili nisifikiri, na shangazi Skola alikuwa anatazama darini na midomo yake imekauka kama ya mtu aliyetembea mbali. Nilimwambia Mama Apolinari. Alikata uzi kwa mkasi, akasema watakatifu wengine walikuwa nao pia.

Nilitumwa nyuzi nyeupe. Duka la nyuzi lilikuwa la jirani yetu, Bi Zuhura, mama wa Kiislamu ambaye mume wake alileta bidhaa kwa pikapu kutoka Tunduma. Tulisalimiana naye kila siku kwa adabu na hakuna zaidi. Nilimwamkia, akaitikia marahaba, akageuka kutafuta nyuzi, kisha akasimama. Akavuta ncha ya mtandio wake akafunika pua.

"Mwanangu, nisamehe kwa nitakalosema," akasema. "Unanuka maiti. Kuna nini humo ndani kwenu?"

Nilianza kumweleza. Nilimweleza vizuri, kama nilivyozoea kuwaeleza watu: mateso, kuyatoa, nia za wanajumuiya, neema inayotokana. Alisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza, macho hayatoki usoni pangu, na juu ya ule mtandio sikuona dharau, niliona mtu anayejitahidi asitapike. Nilipomaliza akauliza swali moja tu. Aliuliza mgonjwa mwenyewe anasemaje.

Nikafungua mdomo. Jibu lilikuwa fupi na nilikuwa nimelibeba wiki kumi na kitu. Nikasema, "Anasema apelekwe hospitali."

Bi Zuhura aliweka nyuzi mezani. Hakunihubiria. Alisema gari lipo uani, mume wake ataligeuza, niende nikamfunge shuka safi. Nilipokuwa natoka ndipo niliposikia harufu yangu mwenyewe kwa mara ya kwanza, kwenye mikono, kwenye nywele, kwenye kola, nikasimama pembeni ya ukuta wa duka nikatapika uji wote wa asubuhi.

Mama Apolinari alikuwa kwenye cherehani. Nilimwambia gari linakuja. Hakuinuka. Aliniuliza kama najua ninachofanya, kisha akasema jambo ambalo hakuwahi kulisema mbele yangu. Alisema Baba Apolinari aliingia hospitali kwa miguu yake, anatania na wauguzi, na baada ya siku sita yeye alirudishiwa nguo na saa ya mkononi. Alikilainisha kwa kiganja kitambaa ambacho hakikuwa na mkunjo. Nilimhurumia, namhurumia hata sasa, na pale makaburini Alhamisi nilijaribu kuishika sura ile, maana ndiyo pekee ya kwake ninayoweza kuiombea bila shida. Kama angeishia hapo, pengine ningekaa karibu naye. Lakini aliinua macho akaongeza, "Na jumuiya nitawaambia nini?"

Sikusubiri kumaliza Salamu Maria tatu. Nilikwenda nyuma.

Tulimtoa kwa shuka, mimi, mume wa Bi Zuhura na wapakizi wawili wa dukani. Alikuwa mzito, na alijikojolea, na akatulaani wote kwa Kifipa na Kiswahili, na sijawahi kusikia laana zilizonifurahisha vile. Ilikuwa Jumatano. Akina mama walikuwa wameanza kufika. Walipoona mwili unatolewa walidhani amekufa, na mmoja akaanzisha wimbo wa wafu. Shangazi Skola akanishika kola ya gauni. Hilo lilikuwa neno lake la kwanza kwangu tangu Kwaresima: "Waambie wasiniimbie." Nikawaambia. Hawakunisikia, au hawakutaka, wakaendelea mpaka gari lilipopinda kona.

Hospitali walimpima wakasema ni sukari, ambayo ilikuwa imemla muda mrefu. Walimkata mguu kesho yake, juu ya goti. Muuguzi aliyenikabidhi vitu vyake alikuwa mama mwenye haraka, hakuwa na nia ya kuniumiza. Aliniuliza mbona tumechelewa hivi. Akasema mguu ule ungeletwa wakati wa Pasaka wangeondoa vidole viwili, na mgonjwa angeondoka kwa fimbo. Alisema huku anaandika, hakuinua kichwa. Nilisimama nimeshika kiatu cha kushoto cha Skolastika, kimoja peke yake, sijui nikiweke wapi.

Ningependa kusema niliondoka nyumba ile siku hiyo hiyo. Nilikaa wiki mbili zaidi, kwa sababu sikuwa na pa kwenda na kwa sababu ya mazoea. Jumatano iliyofuata jumuiya ilikutana kama kawaida. Pazia la maua lilikuwa limefuliwa na chumba kimepigwa dawa. Mama Apolinari alishirikisha Neno. Alisema kwa sauti yake ile ya chini kwamba tulikuwa tumeutoa mguu ule kwa muda mrefu na sasa Mungu ameupokea. Wakaitikia amina, wote kwa pamoja, na katikati ya sauti zile nilisikia moja ninayoijua. Ilikuwa yangu. Mdomo wangu uliitikia wenyewe. Nadhani kinyaa chote nilichonacho juu ya maneno ya kidini yanayosemwa kwa ulaini kilizaliwa pale, na hakijaniacha. Naenda misa, nafunga, natembelea wagonjwa kila Ijumaa ya kwanza. Lakini nikisikia mtu anamwambia mwenye maumivu kwamba maumivu yake ni zawadi, mate hunijaa mdomoni kama mtu anayetaka kutapika, na nimetoka nje ya makanisa mawili kwa sababu hiyo.

Nilirudi Msanzi na ushonaji wa nusu. Mwezi wa kumi na moja nilikwenda kuungama. Nilisema yote, samaki, sifa, yale maneno niliyomwambia mchana ule wa mvua. Nilitegemea rozari nyingi. Padre, mgeni aliyekuwa anapita tu, aliniuliza kama mama huyo yuko hai. Nikasema yuko hai, yuko Kate kwa mtoto wa kaka yake. Akauliza, kwa sauti ya kushangaa kweli, basi kwa nini nimemweleza yeye kwanza. Akaninyima maondoleo? Hapana, alinipa. Lakini alinituma Kate.

Nilifika Desemba, karibu na mchana. Mvua zilikuwa zimerudi na mahindi yamefika kwenye goti. Aliketi barazani kwenye kigoda, magongo mawili ya kutembelea yameegemezwa ukutani, anapepeta ulezi kwenye ungo. Alikuwa amenenepa kidogo usoni. Kipande cha mguu kilikuwa kimefunikwa na kanga, na nzi hawakuwepo. Nilipiga magoti nikamwamkia. Aliitikia, akaendelea kupepeta, akaniuliza safari hii nimekuja kuosha nini.

Nikamwambia. Nilikuwa nimejiandaa njia nzima, na nilitamka kama nilivyojiandaa: kwamba alinituma gari na mimi nikampa sala, kwamba sikunyamaza kwa kumwogopa wifi yake peke yake, nilinyamaza kwa sababu watu walikuwa wananibusu mikono, kwamba muuguzi alitaja Pasaka. Nililia. Hata nikiwa nalia nilijiona nikilia, nikajichukia, nikanyamaza.

Shangazi Skola alipuliza makapi yakaruka. "Hayo nayajua," akasema. "Nilikuwepo."

Nikamwomba msamaha. Alifikiri kama mtu anayeulizwa kama mbegu fulani itaota kwenye udongo fulani. Aliishi miaka kumi na moja baada ya siku ile, nami nilikwenda Kate kila mwaka. Alinifundisha kuchagua ulezi, alinisema mbele ya mume wangu, alimpa binti yangu wa kwanza jina. Neno nililoomba hakuwahi kulitamka, na sikuliomba mara ya pili. Lakini siku ile ya kwanza alinijibu waziwazi, wala hakuweka asali yoyote.

"Bado sijakusamehe. Neno hilo likija nitakuambia. Ingia ndani uchukue chungu, kuna samaki."

Nilikitoa chungu. Akaniwekea ugali, akaniwekea samaki mzima na kichwa chake, yeye akachukua mkia. Nikasema nitatosheka na mchuzi. Akasema hapo si kwa wifi yake, nile. Nikala, naye akinitazama, na kila nilipoinua macho nilimkuta bado ananitazama.